Chupa Iliyowekwa Uani Kwetu

Vumbi la mifupa si kama vumbi la barabarani. La barabarani ukilipitishia kitambaa linaondoka, mambo yamekwisha. La mifupa lina mafuta. Ukilifuta linatandazika, linabaki utando wa rangi ya meno yasiyopigwa mswaki, na ukinusa kitambaa unakuta harufu ya uboho uliooza imekaa juu ya harufu ya sabuni. Nimelila vumbi hilo miaka kumi na mmoja. Nasema nimelila kwa sababu ndivyo ilivyo. Limo kwenye chai, limo kwenye mswaki, limo kwenye mikunjo ya mto ninaolalia. Ng'ombe ambao sikuwahi kuwaona wakiwa hai nimewameza wakiwa unga, na hakuna aliyenikaribisha.

Linatoka nyuma ya ukuta wetu, hatua arobaini kutoka dirisha la jikoni. Hapo kuna kiwanda kinachosaga mifupa kutengeneza chakula cha kuku. Malori yanaileta kutoka machinjioni bila turubai, yakidondosha maji ya rangi ya chai njia nzima. Mifupa inarundikwa, inapikwa, inakaushwa, kisha inaingia kwenye mashine ya kusaga yenye paa la mabati na isiyo na ukuta hata mmoja. Aliyeijenga alidhani vumbi hutokea juu tu. Mashine ikiwashwa saa mbili asubuhi vijiko vinatetemeka kabatini, na harufu inaingia ndani bila hodi. Kuieleza siwezi, ila kama umewahi kusahau supu wiki mbili kisha ukaipasha moto, basi unaijua.

Nyumbani tulikuwa wanne. Mume wangu ni dereva wa malori ya masafa marefu, na nyumbani huja kama mgeni. Mimi ni fundi wa kushona sare za shule. Yupo mama mkwe, na alikuwepo binti yetu. Binti alianza kukohoa akiwa na miaka minne. Alipofika sita kifua kilikuwa kinapiga filimbi kila anapovuta pumzi, na hospitali wakasema ni pumu, na kwamba akiendelea kuvuta hewa ile hatafika mbali. Tukampeleka kwa dada yangu, safari ya siku nzima kwa basi. Miezi minane ikapita. Kila Jumapili alinipigia kwa simu ya dada, na swali lilikuwa lile lile.

"Mama, nyumba bado inanuka?"

"Bado, mwanangu."

"Haya," alisema, kama mtu mzima aliyezoea kukuta duka limefungwa.

Siku ile hospitalini daktari alikuwa ameuliza jambo moja bila hata kuinua macho kwenye karatasi yake. "Nyumbani mnafanya usafi?" Nadhani huwauliza hivyo wote. Nilijibu ndiyo, nikaendelea na mengine. Mama mkwe alikuwa amempakata mjukuu wake. Alijiangalia kucha, moja baada ya nyingine, mpaka tulipotoka.

Majirani walikuwa wanamwita Bibi Dekio hata kabla ya hapo. Alipiga deki nyumba nzima mara tatu kwa siku. Baada ya daktari ikawa mara sita. Alifuta balbu. Alifuta nyayo za viatu. Siku moja nilimkuta anafuta sabuni. Mgeni akifika mlangoni, kabla hata ya salamu, mama mkwe alikuwa ameshasema, "Mtusamehe kwa uchafu," na kumpangusia kiti ambacho kilikuwa kimepanguswa dakika tano kabla. Ilikuwa inanikera. Nilitaka aukasirikie ukuta ule na mashine iliyo nyuma yake, siyo kuwaomba watu radhi kana kwamba yeye ndiye anayesaga mifupa.

Halafu kiwanda kikaomba kibali cha kuweka mashine ya pili.

Kwa mara ya kwanza sheria ikatukumbuka. Alikuja afisa wa mazingira, bwana mrefu, amebeba chupa nne kwenye kreti la soda. Chupa zenyewe zilikuwa pana mdomo, kama za kuwekea asali. Alipofika uani kwetu alivuta pumzi moja, akasema "Mmh," na akaitoa leso mfukoni. Hiyo ndiyo taarifa pekee ya kweli tuliyowahi kuipata kutoka ofisi yoyote.

Alisimamisha nguzo ya chuma kwenye kona ya ua, juu yake kikombe cha waya, ndani ya kikombe chupa. Akanieleza taratibu. Chupa ikae wazi siku thelathini. Vumbi litakaloangukia ndani litapimwa kwenye mizani. Sheria ina kiwango chake. Nyumba moja tu ikizidi kiwango, mashine ya pili haipo, na ile ya kwanza italazimika kujengewa kuta na kuwekewa vichujio. Chupa nyingine tatu zinakwenda kwa majirani wa mbali zaidi.

"Hii yenu ndiyo shahidi mkubwa," alisema. "Isiguswe."

Mama mkwe alikuwa amesimama nyuma yake na kigoda. Alikifuta kabla afisa hajakaa, na alipoinuka akakifuta tena, mbele ya macho yake.

"Utarudi kuangalia, baba?" aliuliza.

"Siku ya thelathini, mama."

"Sawa. Utakuta mambo safi."

Niliyasikia maneno hayo kwa masikio yangu haya, nikayapokea kama adabu ya kumuaga mgeni. Jioni nilimkumbusha kwamba chupa haiguswi. Akanijibu, "Nimesikia. Kwani mimi mtoto?"

Mwezi ule nililipenda vumbi. Sijui niliseme vipi jambo hilo bila kuona haya, lakini nililipenda. Niliondoka saa kumi na mbili asubuhi kwenda kushona, nikarudi jua likizama, na nikiona paa limepauka nilisema moyoni, anguka, anguka tu, jaa. Niliitazama chupa kwa mbali, ikimeremeta kwenye nguzo yake, na sikuikaribia, maana nilikuwa nimeambiwa. Chupa iliyokaa wiki tatu chini ya vumbi la mifupa inameremeta, na mimi mwenye macho mawili sikujiuliza kwa nini. Jumapili ya nne binti alipouliza swali lake nilimjibu, "Bado kidogo tu, mwanangu. Anza kufungasha."

Matokeo yalisomwa kwenye ukumbi wa ofisi ya kata. Mama mkwe alikaa mstari wa mbele, kitambaa cha kichwani kimepigwa pasi mpaka kimesimama. Meneja wa kiwanda aliingia akiwa amejimwagia manukato, harufu tamu nzito iliyofunika harufu nyingine tuliyoijua sote. Mtu anayejimwagia vile anajua fika kwamba ananuka.

Afisa alisoma. Kwa seremala, vumbi lipo, limekaribia kiwango, halijazidi. Kwa mwalimu mstaafu, vivyo hivyo. Kwa mama muuza mkaa, vivyo hivyo. Kisha akaitazama karatasi, akaisogeza karibu na uso.

"Nyumba iliyopakana na kiwanda," alisema. "Sifuri."

Watu wakaguna. Meneja hakuguna. Aliinuka polepole, akafunga kifungo cha koti.

"Ndugu zangu," alisema, "sisi ni majirani, tusitiane mchanga machoni. Nyumba iliyo ubavuni mwetu haina hata chembe. Basi hilo vumbi la wenzetu walio mbali linatoka wapi? Si barabarani? Si kwenye mkaa?"

Nikamgeukia mama mkwe. Alikuwa amekaa wima, anatabasamu, anawaitikia majirani kwa kichwa kama mama wa bibi harusi.

Tulipokuwa tunatoka afisa alinivuta kando mlangoni. "Dada, sifuri haipo duniani. Hata chumbani kwangu ningepata kitu. Mimi naandika kilichomo kwenye chupa, sina la kufanya. Lakini kama kuna aliyeigusa, aje mwenyewe ofisini aseme na atie sahihi. Mna siku kumi na nne. Zikipita, wanapata kibali."

Njiani mama mkwe alikuwa anatembea upesi kuliko kawaida yake.

"Umesikia?" alisema. "Sifuri. Mbele ya kadamnasi. Nyumba ya seremala ina vumbi, ya mwalimu ina vumbi, yangu hakuna."

Nilisimama. "Mama. Uliiosha?"

"Kila siku, ukishaondoka. Napanda kigoda, naitoa, naisugua, nairudisha palepale. Siku ya mwisho mara mbili, kwa maji ya moto." Alilisema hilo kwa sauti ya mtu anayekabidhi zawadi.

Niliiangalia mikono yake, ngozi imekakamaa kwa sabuni, nikaona kinyaa. Sijawahi kumwonea kinyaa kabla wala baada. Nilimwambia, "Basi umemfungia mjukuu wako mlango, na ufunguo umeutupa mwenyewe." Nilimweleza tena sheria yote, barabarani palepale, kwa ukali, kama anayemfokea mtu aliyevunja sahani. Tabasamu lilimtoka usoni kidogo kidogo. Nikajionea kinyaa na mimi.

Nyumbani alikaa kitandani mwake bila kuvua kitambaa. Nilimpelekea maji, ndipo akasema.

"Nilipokuwa mdogo alikuwa anakuja bwana afya. Kofia, soksi ndefu, leso nyeupe. Anaingia ndani, anapitisha leso juu ya fremu ya mlango, anatoka nayo nje kuwaonyesha watu. Siku moja ilitoka nyeusi kwetu. Akachora alama nyekundu kwenye mlango, kwa rangi ya mafuta, maana yake nyumba chafu. Mama yangu alisugua ile alama mwaka mzima, haikutoka. Watu walikuwa hawanywi maji kwetu." Aliyashika yale maji bila kuyanywa. "Mtu wa serikali akija kutafuta uchafu, mwanangu, hatafuti wa kiwanda. Anautafuta wako."

"Huyu ni tofauti, Mama. Twende kesho ukaseme."

"Niende nikaseme mbele ya watu kwamba nyumba yangu ni chafu? Heri nife nayo."

Na hapo ndipo tulipokwama. Nilimbembeleza, akanuna. Mume wangu alipiga simu kutoka huko njiani, akambembeleza na yeye, akaambiwa atazame barabara. Siku zikawa zinakatika, na mashine inasaga. Nyuma ya ukuta walishaanza kumwaga zege la msingi wa mashine ya pili, kibali bado hakijatoka, na harufu ya zege bichi ikachanganyika na ile ya uboho. Mama mkwe alipiga deki mara nane kwa siku. Nilikula kazini, maana nyumbani kila tonge lilikuwa na ladha ya pembe iliyochomwa.

Siku ya tisa ilikuwa Jumapili. Simu iliita tukiwa sote sebuleni, mama mkwe amepiga magoti anafuta miguu ya meza.

"Mama, nimeshafungasha," alisema binti. "Nyumba bado inanuka?"

Nilikuwa nimeishiwa njia. Nikafanya jambo ambalo mpaka leo sijui kama lilikuwa la haki. Niliinama, nikambandika mama mkwe simu sikioni, nikasema, "Muulize bibi."

Sauti ya mtoto ilisikika waziwazi. "Bibi, nyumba bado inanuka?"

Kwa miaka kumi na mmoja mwanamke yule alikuwa ameomba radhi kwa uchafu, lakini harufu hakuwahi kuitaja, hata siku moja. Tukiitaja sisi alikuwa anafungua dirisha au kuwasha udi. Alibaki amepiga magoti, kitambaa mkononi, anapumua.

"Inanuka, mjukuu wangu," alisema. "Inanuka sana."

Akanirudishia simu, akaenda jikoni, na kitambaa akakiacha chini katikati ya sebule. Kililala hapo mpaka asubuhi. Sikukigusa.

Asubuhi alikuwa amevaa. Meza ilikuwa haijafutwa, vikombe vya jana vimeacha duara juu ya utando. Nilinyoosha mkono, akanizuia. "Acha hivyo. Twende."

Ofisini afisa alituketisha, akatoa fomu. Palikuwa na karani mmoja na watu watatu waliokuwa wanangojea huduma zao, na mama mkwe aliwasalimia wote kabla ya kuanza, mmoja mmoja, kama anayetaka wasikie vizuri.

"Chombo kiliguswa na nani?" afisa alisoma.

"Mimi."

"Kwa njia gani?"

"Nilikiosha. Kwa sabuni. Siku thelathini."

Karani akacheka kupitia puani. Afisa hakucheka. "Kwa sababu gani?"

"Andika niliona haya."

"Haya ya nini, mama?"

"Uchafu wangu."

Afisa aliiweka kalamu chini. "Mama, ule si uchafu wako. Unatoka kiwandani."

"Wewe ndiye unayesema?"

"Ndiyo."

"Basi liandike hilo, ulipigie mhuri, nirudi nalo nyumbani."

Afisa akamweleza kwamba hawezi. Mpaka chupa ipimwe upya, siku thelathini nyingine, hana anachoweza kukiandika. Mama mkwe alifikiri, akaichukua kalamu, akaandika jina lake kwa herufi kubwa zilizolala upande mmoja. "Lete chupa yako," alisema.

Siku thelathini za pili sitaki kuzikumbuka. Mama mkwe alikuwa ameamua kwamba kama chupa haiguswi basi na kitu kingine hakiguswi, mkono usije ukazoea. Dekio lilikaukia kwenye ndoo. Wiki ya kwanza sakafu ilipoteza rangi. Wiki ya pili ukikanyaga unaacha unyayo, na unyayo unanata. Inzi walitambua kabla yetu kwamba kuta zetu zinalika. Nilichana nywele kitana kikatoka na uji wa kijivu. Nilitapika mara mbili, mara moja kwenye sinki na mara moja kazini, juu ya kola za sare. Mama mkwe alikaa uani kwenye kigoda kuanzia asubuhi, akiangalia chupa, mikono ameikalia. Mwalimu mstaafu alipopita kutusalimu akamkaribisha ndani, kwenye kiti chenye utando, bila kumwomba radhi. Mwalimu alikaa ukingoni kabisa mwa kiti, na hakukawia.

Siku ya thelathini afisa alifika, akavaa glavu, akaishusha chupa.

"Ngoja," alisema mama mkwe. "Nione."

Afisa akamwinamishia kidogo ili aone ndani. Chini palikuwa na tope la kijivu lenye manjano, unene wa kidole, limeshikana kama mafuta ya mgando, na ndani yake inzi wawili. Harufu yake iliponifikia puani niligeuza uso. Yeye hakugeuza. Alitazama muda mrefu, kwa utulivu, kama anayetafuta humo kitu alichokiweka mwenyewe na hakioni.

"Hili hata mizani sihitaji," alisema afisa, akafunga kifuniko.

Barua ilikuja baada ya wiki mbili. Nilimsomea mezani. Mashine ya pili imekataliwa. Ya kwanza ijengewe kuta nne na kuwekewa vichujio ndani ya siku tisini, malori yafunikwe, la sivyo kiwanda kifungwe.

"Rudia pale juu," alisema.

"'Chanzo cha vumbi na harufu: kiwanda.'"

"Wameandika kiwanda?"

"Kiwanda, Mama."

"Na mhuri upo?"

"Upo."

Aliinuka, akatoka uani, nikamfuata mpaka mlangoni. Alikwenda mpaka kwenye ukuta, ambako mashine ilikuwa inanguruma upande wa pili. Mwanamke huyu sijawahi kumwona akitema hata mbegu ya chungwa mbele ya mtu. Alivuta mate kutoka ndani kabisa ya koo, akayatema juu ya ukuta, yakatua upande wao. Kisha akarudi, akasukutua mdomo kwenye bomba, akajifuta, akaketi.

"Mpigie mtoto," alisema.

"Leo si Jumapili, Mama. Na siku tisini bado."

"Sijasema aje. Mpigie." Aliiweka ile barua mapajani, akainyoosha mikunjo kwa viganja vyote viwili. "Mwambie kilichomuumiza kifua hakikuwa uchafu wa bibi yake."